Wapangaji wa Alfajiri

Nikibonyeza kitufe, ratiba yake naijua:
feni inakohoa kama mlinzi aliyeshtuliwa usingizini,
kioo kinabaki cheusi, kinakuwa buluu,
kisha kile kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Sikai kukitazama.
Nabandika chai, naosha vikombe vya jana,
nafagia ukumbi hadi kizingitini,
halafu nampigia dada yangu Somoe, Kilwa Masoko.
Habari za magoti yake. Bei ya ufuta.
Nani kaoa, nani kaachwa,
nani kaachwa na anadai hajaachwa.
Tukiagana, kiduara bado kinazunguka.

Kazi yangu ni kadi za michango.
Nusu ya Tandika imeoa kwa vidole vyangu hivi.
Juzi Mama Nzowa alikaa kwenye kiti hicho
saa nzima na ushee, akingoja kadi hamsini za bintiye.
Alikunywa chai yangu, akamaliza na ya pili,
akasema, “Dada, kwa mwendo huu
mjukuu atafika kabla ya kadi.”

Ndipo nikamwita Lusajo,
fundi wa Kariakoo, ghorofa ya tatu,
anayekuja hadi nyumbani ukimlipia bodaboda.
Alikuja na bisibisi mbili na brashi ya rangi.
Akaifungua ubavu.
Vumbi la miaka sita lilikuwa limeshikana
kama sufi ya mto wa zamani,
na ndani yake mende mmoja, mkavu, miguu juu.
“Mashine haipumui hii,” akasema,
akatoka nayo uani kuipulizia,
majirani wakadhani tunapepeta mchele.

Kisha akaniita nione orodha.
“Hizi zote, mama, zinaamka pamoja ukiwasha tu.”
Nikahesabu: kumi na saba.
Nikaikumbuka nyumba ya Keko niliyopanga nikiwa msichana,
vyumba kumi, choo kimoja, bomba moja,
saa kumi na moja alfajiri kila mtu na ndoo yake,
kila mtu ana haraka,
na kwa haraka hiyo
hakuna anayeoga.

“Huyu nani?”
Wa printa niliyoiuza mwaka juzi.
“Na huyu?”
Sijui. Alikuja na taarabu niliyopakua.
Lusajo akawapa notisi.
Wengine hakuwafukuza,
aliwaambia tu walale mpaka watakapoitwa.

Kazi ya kufuta mafaili akaniachia mimi.
Kadi ya Zamoyoni na Salha, ya mwisho.
Kadi ya Zamoyoni na Salha, ya mwisho kabisa.
Kadi ya Zamoyoni na Salha, ya mwisho kweli hii.
Ndoa yenyewe ilidumu miezi mitano.
Nikafuta zote tatu, nikabaki nimeshika kipanya,
kama vile ningepaswa kuomba ruhusa kwa mtu.

Mwisho akachomeka kipande cha memori,
urefu wa kidole, elfu arobaini na tano,
cha mtumba lakini kizima.
“Washa.”
Nikawasha. Feni haikukohoa.
Nilihesabu kwa sauti; sikufika ishirini.
Kioo kilikuwa kinanitazama, tayari,
kama mtoto aliyevaa sare kabla hujamwamsha.

Wiki ile nilichapa kadi mia tatu.
Nilisifiwa. Mama Nzowa alileta mteja mwingine.
Vikombe vililala vichafu, sikuona.

Alhamisi simu ikalia, Somoe.
“Nimekukosea nini?”
Hujanikosea, dada. Kompyuta imepona.
Upande wa Kilwa pakawa kimya,
nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akitwanga.
“Basi mwambie huyo fundi,” akasema,
“airudishie ugonjwa kidogo.”

Siku hizi naiwasha, inaamka papo hapo,
nami naipa mgongo, nabandika chai,
natafuta simu ilipo.
Ikae pale iningoje.
Na yeye aonje.